Kuweka pingamizi kikaoni: jua aina yake kabla hujasimama

Hatua hizi ni kwa vikao vinavyofuata kanuni za kuendesha mikutano alizozichapisha Henry Martyn Robert mwaka 1876. Kama katiba ya chama chenu ina utaratibu wake, fuateni huo kwanza.

Kanuni ikivunjwa, simama papo hapo, hata kama kuna anayezungumza: "Mwenyekiti, utaratibu!" Huhitaji kuungwa mkono, wala hakuna mjadala, mwenyekiti anatoa uamuzi. Ukisubiri ajenda inayofuata, imekula kwako. Kosa linaloendelea tu, mfano azimio linalokiuka katiba ya chama, ndilo huibuliwa hata baadaye.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo kikao kizima kilipotupotea. Nilisimama kuhusu utaratibu: kura ilikuwa inaitishwa na akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa) haipo, viti vya nyuma vitupu. Mwenyekiti akatabasamu: "Mjumbe ameomba mwongozo, nami namjibu kwamba tuendelee." Ujanja uko hapo. Mwongozo ni maoni ya mwenyekiti, si uamuzi, na maoni hayakatiwi rufaa. Ukibadilishiwa aina namna hiyo, usikae. Sema, "Sikuomba mwongozo, Mwenyekiti, naomba uamuzi." Akishaamua, kata rufaa kabla jambo jingine halijaanza, na hapo lazima mtu akuunge mkono, kwa hiyo kaa karibu na mwenzako asiyeogopa macho ya meza kuu. Rufaa huamuliwa kwa kura za wajumbe. Zikifungana, uamuzi wa mwenyekiti unabaki, na yeye akiwa mjumbe anaruhusiwa kupiga kura ya kuzifunga. Hesabuni watu wenu mapema.

Kupinga hoja isijadiliwe kabisa ni aina nyingine. Hutumika kwa hoja ya msingi tu, ile inayoleta jambo jipya kikaoni, kabla mjadala haujaanza, na theluthi mbili ya kura lazima zikatae hoja hiyo isijadiliwe. Akishazungumza mchangiaji wa kwanza, umechelewa.

Kipaza sauti kimekufa, au kelele zinawazuia kusikia? Hiyo ni hoja ya haki, nayo inaweza kumkatiza mzungumzaji. Taarifa ni kuuliza jambo kupitia kwa mwenyekiti, ingawa kila kikao kina mzee wa "taarifa" ambaye hajawahi kuuliza chochote.

Kikao kijacho, kumbukumbu zikisomwa, hakikisha pingamizi lako limo pamoja na uamuzi na sababu alizozitoa mwenyekiti. Makatibu wanapenda sana kuandika "wajumbe walijadiliana" na kufunga daftari.