Namna ya Kuchunguza Jinsi Gazeti Linavyomchora Mwanamke

Anayetaka kujua gazeti lake linamwonaje mwanamke asitegemee toleo la siku moja, kwa kuwa habari moja kubwa ya waziri mwanamke inaweza kuficha mazoea ya mwaka mzima. Kusanya matoleo ya wiki mbili mfululizo, kisha soma kila habari hadi mwisho, kurasa za biashara na michezo zikiwemo.

Anza kwa kuhesabu. Andika daftarini kila mtu aliyetajwa au kunukuliwa, jinsia yake, na nafasi aliyopewa: mtaalamu, msemaji wa taasisi, shahidi, mwathirika, au mpita njia aliyeombwa maoni. Mradi wa kimataifa wa ufuatiliaji wa vyombo vya habari umekuwa ukifanya hesabu ya namna hii tangu mwaka 1995, kila baada ya miaka mitano. Mwaka ule wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliomo katika habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Mradi huo huchagua siku moja kwa sababu hukusanya habari za nchi nyingi kwa pamoja. Wewe mwenye gazeti moja unahitaji siku nyingi zaidi.

Idadi haitoshi, kwani gazeti linaweza kujaza wanawake wanaolia msibani huku wanaoeleza bajeti, sheria na sayansi wakiwa wanaume watupu. Kwa hiyo tazama pia sifa wanazopachikwa. Ukikuta kichwa cha habari kama “Mama wa watoto watatu ateuliwa kuongoza benki”, jiulize kama gazeti hilohilo limewahi kuandika “Baba wa watoto watatu ateuliwa”. Umri, mavazi, sura na ndoa vikitajwa kwake na visitajwe kwa mwanamume mwenye cheo kilekile, viwekee alama. Usizisahau sifa njema: kumwita kiongozi shupavu “licha ya kuwa mwanamke” ni kumsifu yeye na kuwashusha wenzake wote.

Habari za ukatili zinahitaji uangalifu kuliko zote, maana hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa. Chukua kichwa kama “Mke auawa kwa wivu wa mapenzi”. Aliyeua hayumo kabisa, na kosa la jinai limevishwa vazi la mapenzi, hata msomaji akaanza kumhurumia mtendaji kabla hajamjua aliyekufa. Halafu shuka kwenye aya za ndani: je, tunaambiwa marehemu alikuwa akitoka wapi, saa ngapi, na amevaa nini? Maelezo hayo mara nyingi hayathibitishi chochote. Kazi yake ni kuhamisha lawama. Mhariri anaweza kujitetea kwamba sheria haimruhusu kumwita mtu muuaji kabla ya hukumu, na katika hilo ana haki. Lakini “Mwanamume ashtakiwa kwa kumuua mkewe” ni kichwa kinachoheshimu mahakama na kumtaja mtuhumiwa kwa wakati mmoja, mradi mashtaka yawe yamefunguliwa kweli.

Kwa upande wa picha, linganisha tu nani yuko kazini na nani amewekwa kupamba ukurasa, na kama maelezo ya picha yanamtaja mwanamke kwa jina lake au kwa jina la mumewe.

Ukimaliza, mwandikie mhariri. Malalamiko ya jumla hupuuzwa kwa urahisi, kwa hiyo taja tarehe, ukurasa na maneno yenyewe, kisha pendekeza jinsi kila kichwa kingeweza kuandikwa upya. Kama unawafahamu wanawake waliobobea katika uchumi, tiba au uhandisi na walio tayari kuhojiwa, waombe idhini na uambatanishe orodha yao, kwa kuwa mwandishi aliyebanwa na muda humpigia yule ambaye namba yake tayari anayo. Rudia hesabu ileile baada ya miezi sita, kwa vigezo vilevile, ili matokeo yaweze kulinganishwa.