Namna ya kulinganisha wapiga piano kwa sonata moja tu

Usianze na sonata zote 32 za Beethoven (sonata ni utunzi wa piano wenye sehemu kadhaa). Utachoka kabla hujapambanua lolote. Chukua sonata moja, tena sehemu yake ya kwanza peke yake. Mimi hupiga kinanda kwenye kwaya, na wenzangu wakiniuliza waanzie wapi huwapa sonata ya mwisho ya mtunzi Schubert, D. 960 (namba yake katika orodha ya kazi zake), aliyoimaliza Septemba 1828, miezi miwili kabla ya kufariki akiwa na miaka 31. Tafuta mtandaoni rekodi za Sviatoslav Richter, Alfred Brendel, Mitsuko Uchida na András Schiff. Uwe na hedifoni, maana spika ya simu inakata besi, na kinachotafutwa hapa kimo kwenye besi.

Kabla ya kulinganisha dakika, angalia nani karudia. Richter anachukua dakika 24 hivi, Brendel kama 15, na watu hukimbilia kusema Richter anakokota. Kweli anakwenda polepole mno, lakini Schubert aliandika alama ya kurudia theluthi ya kwanza nzima. Richter anairudia, Brendel anaipita. Ondoa marudio hayo, na kwa hesabu yangu Richter anabaki na 18 hivi. Tofauti ipo, ila si ile uliyodhani.

Sasa sikiliza kipimo cha 8 (kipimo ni kipande kifupi cha mapigo, kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti). Wimbo umeanza taratibu, kama watu wanaoimba zaburi kwa sauti ya chini, mara huko chini kabisa mkono wa kushoto unatikisa noti mbili jirani, kwa sauti ndogo sana, kisha kimya. Rudia hapo hapo kwa kila mpigaji. Jiulize: noti mbili zinasikika kila moja, au ni mngurumo tu? Kimya kinachofuata kinaachwa kirefu kiasi gani? Kwa Richter kimya hicho kinanifanya nitazame simu kama imezima. Schiff ana rekodi aliyoipiga kwenye piano ya Vienna ya miaka ya 1820 hivi, kazi ya fundi Brodmann. Besi yake ni nyembamba na haivumi sana, kwa hiyo mtikiso ule una sura nyingine kabisa. Ukimlinganisha na wenzake, kumbuka na chombo kinachangia, si vidole tu.

Palipo na ugomvi wenyewe ni vipimo 9 vinavyorudisha muziki mwanzoni. Asiyerudia havipigi kabisa. Humo mtikiso uleule unalipuka kwa nguvu zote, mara moja tu katika sehemu nzima. Brendel alitetea kwa maandishi uamuzi wake wa kuviacha. Aliona havifanani na vinavyovizunguka. Msikilize Uchida, anayevipiga, uamue mwenyewe. Mimi niko upande wa Uchida: ukishasikia mlipuko ule, mtikiso mdogo ukirudi tena unautilia shaka. Hata hivyo kwa mwendo na mpangilio wa sauti, Brendel ndiye ninayemsikiliza mara nyingi zaidi, labda kwa sababu nafika mwisho kabla daladala haijafika kituoni.

Ukishazizoea rekodi hizo, mpe mtu simu akuchezee dakika ya kwanza ya kila moja bila kutaja jina. Andika unachosikia kwanza, majina uyaulize baadaye.