Mkubwa akikujibu "kwa hiyo?" kuhusu vita msiyoitaka, mbane hivi

Machi 2008, vita ya Iraq ndo inatimiza miaka mitano, Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani, yuko zake Muscat, Oman, anahojiwa na Martha Raddatz wa televisheni ya ABC. Dada akamwambia theluthi mbili ya Wamarekani wanaona hii vita haina faida. Cheney akajibu neno moja tu, yani "kwa hiyo?" Alivyobanwa akasema huwezi kuyumbishwa na kura za maoni zinazopanda na kushuka, akamleta na Abraham Lincoln, rais wa Marekani enzi za vita yao ya wenyewe kwa wenyewe.

Wengi wetu hapo tunapandwa na presha, tunaporomosha matusi, mjadala unafia hapohapo na mkubwa anaondoka kashinda. Usiingie huo mtego.

Anza kwa kumkubalia kidogo. Ni kweli kura za maoni sio sheria, na ni kweli kiongozi anayegeuka kila wiki kama bendera hafai, ukikataa hilo atakumaliza.

Halafu mrudishe kwenye mfano wake mwenyewe, maana hapa ndo utamu ulipo. Lincoln kweli alikomaa na vita watu wakiwa wameichoka, lakini agosti 1864 aliandika karatasi kwamba inaelekea hatachaguliwa tena, akaikunja, akawapa mawaziri wake wasaini kwa nyuma bila kujua ndani kuna nini. Na uchaguzi hakuuahirisha, novemba ileile akaenda kupigiwa kura vita ikiwa inawaka. Yani alipuuza kelele ila kiti chake alikiweka mezani. Cheney 2008 alikuwa hagombei chochote! Kwa hiyo swali lako liwe hili: mheshimiwa, we umeweka nini mezani?

Atasema wananchi walishachagua, subirini uchaguzi ujao. Kesho yake tu baada ya mahojiano ya Cheney, msemaji wa Ikulu ya Marekani, Dana Perino, alijibu hivyohivyo, kwamba watu wana nafasi yao kila miaka minne. Usikubali, hesabu nae. Bunge lao linachaguliwa kila miaka miwili, na novemba 2006 wapiga kura waliwapa Democrats, wapinzani wa Rais Bush, mabunge yote mawili, kesho yake ikatangazwa waziri wa ulinzi Rumsfeld anaachia ngazi, watu wakajua ujumbe umefika, afu januari 2007 Bush akatangaza kuongeza wanajeshi zaidi ya 20,000. Bunge likajaribu kufunga hela kwenye ratiba ya kuondoa majeshi, Bush akaikataa kwa veto, yani kura yake ya turufu, mei 1, na theluthi mbili za kuipindua hazikupatikana. Hapo unaona kura ilipigwa na bado ikapigwa chenga.

Kwa hiyo usibaki na hasira za jumla, tafuta mlango uko wapi. Kwa Tanzania soma ibara ya 44 ya katiba, rais akitangaza vita Spika anatakiwa aitishe Bunge ndani ya siku 14 wajadili kama wanaliunga mkono tangazo au la. Kenya ni ibara ya 95. Ukishajua hilo unamuuliza mbunge wako kwa jina, utapiga kura ipi, sio kulalamika serikali serikali.

Na mlango ukiwepo unafanya kazi kweli. Agosti 2013 waziri mkuu Cameron alitaka Uingereza iingie Syria, bungeni akapigwa 285 kwa 272, akanywea.

La mwisho ambalo watu wanalisahau, tunza tarehe. Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza kipindi hicho, alipata kura ya bunge kuhusu Iraq machi 18, 2003, huku akisema vita bado inaweza kuepukika Saddam akikubali masharti. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita hiyo, ilipotoka 2016 tukasoma memo aliyomwandikia Bush julai 2002, kwamba nitakuwa na wewe, iwe iwavyo. Karibu miezi minane kabla wabunge hawajaulizwa. Usimuulize tu kwa nini uliingia vitani, muulize uliamua lini, afu kaa kimya umuache atafute jibu.