Slabu ya zamani inavuja? Fuata maji kabla ufuate fundi

Kama unakaa kwa hizi nyumba za zamani za Kisumu, zile za paa la slabu tambarare ya zege na kaukuta kafupi kuzunguka juu, unajua venye Aprili huwa. Mchana jua linachoma, jioni mvua inashuka yote mara moja na mnaanza kukimbizana na makarai.

Kwanza kabisa ni stima. Siku moja niliona maji yanatoka kwa holda ya balbu tone kwa tone na mtoto ameshanyoosha mkono kwa swichi, nilipiga nduru mpaka jirani akaja. Usiguse swichi ya hicho chumba. Enda kwa meni swichi, kama iko kavu na mikono yako imekauka, uzime nyumba yote, bora mkae na tochi. Ikiwa silingi ya mbao imefura tumbo kwa sababu ya maji, ukishazima stima weka ndoo chini utoboe hapo palipofura zaidi na bisibisi, maji yatoke polepole kabla silingi yote haijawaangukia. Ndani ya karai tupa kitambaa, maji hayatarukaruka na mtalala.

Sasa sikiza hii, kwa sababu ndiyo hukula watu pesa: mahali maji yanadondokea mara nyingi sipo yanapoingilia. Yanaingia kwa ufa, yanatembea ndani ya slabu au kwa paipu ya waya za stima, yanatokea mbali. Kwetu yalikuwa yanadondokea kitandani, fundi akapaka lami juu ya hapo mara mbili na mara mbili nikalipa, kumbe shida ilikuwa pale slabu inakutana na kaukuta, karibu mita tatu kutoka hapo.

Kwa hivyo mvua ikiisha panda na choki, uchore mpaka wa kila dimbwi. Angalia mdomo wa paipu ya kutoa maji, mara nyingi umezibwa na majani ya mwembe, karatasi za nailoni na manyoya ya njiwa. Toa hiyo takataka yote, na usidharau, maji ya kina cha sentimita 5 juu ya chumba cha mita 3 kwa 4 ni kilo 600 zimekalia kichwa chako. Pakishakauka mwaga ndoo moja sehemu moja tu, anzia upande wa chini kwenye mteremko, mtu akae ndani na tochi, mngoje kama saa moja ndio msonge sehemu ingine. Inachosha, lakini ukimaliza unajua.

Kuziba ngojea kiangazi, Januari hivi, lami haishiki slabu yenye unyevu. Kwangua ile ya zamani iliyokauka ikapasuka, pafagie, panua ufa kidogo na tindo utoe vumbi, paka lami, laza kitambaa cha wavu ingali mbichi halafu upake tena. Pale kwa kaukuta ipande ukutani kama sentimita 15, usiishie kwa kona. Juu kabisa rangi nyeupe, inapunguza joto linalopasua lami.

Fundi akikwambia amwage simiti mpya juu ya slabu yote, kataa. Unaiongezea uzito na ule ufa wa chini utatokea tu juu.

Ukiona plasta imeanguka na vyuma vyekundu vimetokeza, au ukigonga na mpini panalia kama debe tupu, hiyo si kazi ya lami tena. Kutu inafura ndani, inasukuma zege. Hamisha vitanda leo na utafute injinia aone.

Ukishaziba, funika mdomo wa paipu na wavu wa waya. Gunia hapana, linashika matope na dimbwi linarudi.