Kumfundisha Muethiopia matamshi ya Kiingereza: anza na sikio

Ukipata mwanafunzi mwenye lugha ya Kiamhari, usikimbilie kumnyoosha ulimi. Akisema "iskul" badala ya school, mwache nayo kwanza. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Tudor, Waethiopia wamechanganyika na vijana wetu wa Mombasa, na nimeona walimu wakimrudishia mtu neno lilelile mpaka jasho linamtoka. Kosa lenyewe halisikii, atalirekebishaje?

Kiamhari hakizoei konsonanti mbili kufuatana mwanzoni mwa neno. Zikikutana, huchomekwa irabu fupi mno, sauti iliyo kati ya i na u, au irabu hiyo hutangulizwa mbele. Sikio likishazoea, huisikia hata pale isipokuwapo. Wala si Waethiopia peke yao: majaribio yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba Wajapani wakisikilizishwa "ebzo" husikia "ebuzo", hali Wafaransa hawaisikii u hiyo.

Basi zima feni, funga dirisha la upande wa tuktuk (joto mtalivumilia), ujizibe mdomo kwa leso wasikusome midomo. Sema neno moja kati ya mawili, kwa mwendo wa kawaida: sport au support, prayed au parade, claps au collapse. Kidole kimoja ni la kwanza, viwili ni la pili. Ubaoni usiandike kitu. Nao wasiandike kwa fideli, yaani maandishi ya Kiamhari, ambayo herufi zake hupangwa safu kwa safu kulingana na irabu, maana herufi ya safu ya sita husomwa ama konsonanti tupu ama konsonanti pamoja na irabu ileile tunayoisaka.

Wakianza kupatia, ndipo uingie kwenye ulimi, na uanzie pale wanapoweza. Mwisho wa neno konsonanti mbili haziwasumbui: moja kwao ni "and", tatu ni "sost". Bank huitamka safi, wakati kijana wa Kisauni lazima aitie i mwishoni. Katikati pia hawana taabu. Kwa hiyo mpe "this port", aseme bila kutua, kisha aanze kukata mbele: "is port", halafu "s" na "port" tu. Irabu ikichungulia, rudini hatua moja. Street na spring ziache mpaka hapo pakae sawa.

Supper nayo itazame. Kiamhari hutofautisha maana kwa kukaza konsonanti, yaani kuishikilia kitambo zaidi: "ale" ni alisema, "alle" ni yupo, na fideli huyaandika sawasawa. Mwambie mapema kwamba p mbili za Kiingereza hazikazwi.

Nyumbani wapange wawili wawili, Muethiopia na Mmombasa, watumiane maneno yale kwa ujumbe wa sauti na kila mmoja akisie la mwenziwe. Wa kwetu, aliyekua na stima na skuli, atainasa sport mara moja. Muethiopia atainasa ile i ya bank. Aliyekosa zaidi hununua kahawa tungu, ambayo Waethiopia wangu huinywa huku wakiikosoa.