Kudhibiti chawajani kwenye bamia, biringanya na pamba

Geuza jani asubuhi, kabla ya jua kali. Chawajani ni vidudu vya kijani vinavyokaa upande wa chini. Wachanga hutembea kimshazari, wakubwa huruka ukigusa mmea. Wakifyonza utomvu, kingo za jani hugeuka njano, hujikunja, kisha huungua. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea, wakaongeza naitrojeni: kosa kubwa, maana majani laini huwavutia zaidi.

Changanya sabuni ya maji mililita 10 kwa lita 1 ya maji. Jaribu majani machache, subiri siku moja. Nyunyiza jioni, ukilenga chini ya jani, kwani sabuni huua wanaoguswa tu. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Mayai yamo ndani ya jani, hayadhuriki.