Kuvuka Songwe kwenda kuweka meno: mambo ya kupanga kabla hamjawasha gari

Mume wangu alianza kuacha kande kwenye sahani. Halafu akaacha mahindi ya kuchoma, halafu nyama, mwisho nikamkuta anachovya mkate kwenye chai mpaka ulainike kabisa ndipo aumeze. Sisi ni walimu wastaafu, tunaishi Tukuyu, na wote wawili meno yalikuwa yametuchosha: yeye ya juu karibu yote, mimi magego mawili ya chini. Binti yetu ameolewa Mzuzu, Malawi. Akatupigia simu: "Baba, Mama, njooni huku. Daktari wa meno yuko jirani, mtakaa kwangu mpaka mpone." Tulikwenda kwa gari letu, tukarudi, tukaenda tena. Nawaandikia wazee wenzangu wa Rungwe, Kyela na Mbeya mnaofikiria safari kama hiyo, maana yako mambo yaliyotugharimu siku na maumivu, na nyinyi mnaweza kuyaepuka.

Anzeni hospitali ya kwenu. Pimweni, mpigwe picha ya meno, na kama kuna la kung'oa, ling'olewe huku huku. Kadi yetu ya bima ya afya ya NHIF ya wastaafu haivuki mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi. Kule kila kitu ni fedha mkononi. Lakini sababu kubwa si fedha. Mume wangu aling'olewa meno manne Mzuzu tukiamini tutarudi na meno mapya baada ya wiki mbili. Daktari akatueleza kwamba jino likishatoka, mfupa uliokuwa umelishika hunywea na fizi hubadilika umbo, na kasi ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo. Meno ya bandia yakitengenezwa juu ya fizi mbichi, baada ya muda yanalegea na kucheza. Yapo ya muda yanayovaliwa siku ile ile ya kung'oa, ila nayo lazima yarudi kwa fundi kujazwa upya kwa ndani. Tukaamua kusubiri, ndiyo maana safari zikawa mbili. Ng'oeni nyumbani, subirini miezi miwili au mitatu kadiri daktari wenu atakavyowaambia, mkila uji, parachichi na mbalaga (ndizi za kupika) iliyolainika, ndipo mvuke mpaka kwa kazi ya kutengeneza meno peke yake.

Andikeni kwenye karatasi dawa zote mnazotumia, jina na kipimo, au bebeni maboksi yenyewe. Mume wangu anatumia dawa ya presha na aspirini ndogo ya moyo. Mimi nilimwachisha ile aspirini siku tatu kabla ya kung'oa, nikiogopa damu. Nilikosea sana. Daktari alinikalisha chini akaniambia kwa upole kwamba damu ya jino huzuilika kwa pamba ya kung'ata, lakini damu ikiganda kwenye moyo au kichwani ni habari nyingine. Dawa ya aina hiyo haiachwi bila aliyeiandika kusema. Mwenye kisukari naye aseme mapema, aombe miadi ya asubuhi, na ale kabla ya kwenda.

Sasa karatasi za mpakani. Kila mtu awe na pasipoti yenye muda wa kutosha. Sisi hatukulipia viza. Gari linataka kadi yake halisi ya usajili. Kama ni la mtoto wenu, bebeni barua ya kuwaruhusu kulitoa nje ya nchi, yenye muhuri wa wakili. Halafu kuna kadi mbili za njano, na hapa ndipo tulipokwama. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, ambayo watu wote huiita hivyo hivyo, kadi ya njano, na inakatwa na kampuni iliyowapa bima ya gari nyumbani. Tulipouliza jirani kama kadi ya njano inahitajika, akasema ndiyo, tukaenda kuchanjwa, tukaridhika. Upande wa Malawi ofisa akaomba kadi ya njano, mume wangu akatoa ya chanjo, yule akatikisa kichwa akaonyesha gari. Tulikata bima pale pale, jua la Songwe likituwakia kichwani, kwa zaidi ya saa mbili. Ikateni siku kadhaa kabla. Mkishaingia mtapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kitunzeni pamoja na pasipoti, maana siku ya kutoka lazima mkirudishe.

Badilisheni fedha ndani ya benki au duka lenye kibali. Vijana wanaowakimbilia na mabunda ya kwacha barabarani wanahesabu haraka kuliko macho ya mzee. Na zawadi za mazao, ulizeni kwanza. Aprili 2025 nchi hizi mbili zilifikia kuzuiliana mazao, wenye malori ya ndizi wakaumia, na ingawa hilo lilitatuliwa, mimi mkungu wangu niliuacha nyumbani nikapeleka vitenge.

Saa zinahitaji aya yake. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Hilo si tatizo wakati wa kwenda, mnapata saa ya ziada. Tatizo ni kurudi, mnaipoteza, na jua linawazamia barabarani. Lakini lililotuumiza ni jingine. Mhudumu wa kliniki alijua Kiswahili kidogo, akanipigia kunikumbusha miadi: "Mama, kesho saa nane." Mimi nikasikia saa nane ya mchana kama tunavyohesabu sisi. Yeye alimaanisha saa mbili asubuhi, kwa sababu kule wanahesabu kwa Kiingereza, na nane yao ndiyo mbili yetu. Tulifika mchana, nafasi yetu imeshapewa mtu mwingine, tukasubiri siku tatu. Kila miadi mwombe akuandikie kwa tarakimu kwenye karatasi, na uongeze neno asubuhi au mchana.

Barabara yenyewe ni nzuri kuitazama na ya kuheshimu. Mnashuka kutoka baridi ya Tukuyu mkiwa na masweta, mkifika Kasumulu, upande wetu wa mpaka, mmeshayavua yote. Kutoka mpakani mpaka Karonga si mbali, na wazee wa Kinyakyusa mtafurahi, kwa kuwa Kingonde cha kule na lugha yetu ni ndugu. Nilisema "ndaga fijo", yaani asante sana, sokoni nikaitikiwa kama niko Kyela. Baada ya Karonga ni zaidi ya kilomita 200 mpaka Mzuzu. Mnaambaa na ziwa Nyasa, ambalo wenyewe wanaliita Malawi, kisha mahali paitwapo Chiweta barabara inaliacha ziwa na kupanda mlima kwa kona kali, malori yakitambaa mbele yenu. Pandeni mchana, msiyapite malori kwenye kona, na wakati wa kushuka tumieni gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote. Sisi tulilala Karonga tukapanda asubuhi. Bebeni vyandarua, mbu wa kando ya ziwa ni wengi. Polisi wa barabarani walitukagua pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizimamoto, vyote tulikuwa navyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: msitibiwe siku moja wote wawili. Sisi tulifanya hivyo safari ya kwanza ili kuokoa muda. Jioni ile yeye ana pamba mdomoni, mimi shavu limekufa ganzi, hakuna wa kumwangalia mwenzake, na binti yetu alikuwa zamu ya usiku kazini. Usiku pamba ya mume wangu ikajaa damu, mimi nikashindwa hata kuongea vizuri kwenye simu. Ilikuwa damu ya kawaida tu. Nilikunja shashi safi, nikamwambia aing'ate kwa nguvu nusu saa bila kuitoa kuchungulia, ikakoma. Lakini nusu saa ile niliiona ndefu. Mmoja awe mgonjwa, mwingine awe dereva na muuguzi, kisha mbadilishane baada ya siku tatu nne. Mgonjwa asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kwa mrija, asivute sigara. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yaanze kesho yake, si siku hiyo. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, rudini kwa daktari, msijitibu kwa kuongeza vidonge.

Kabla ya kazi kuanza mwombe daktari bei ya jumla kwa maandishi, na muulize kama kurekebisha meno baadaye kumo ndani ya bei hiyo. Kutengeneza meno ya kuvaa na kuvua ni kwenda mara nne au tano. Siku ya kwanza wanachukua umbo la kinywa: kisinia kidogo cha chuma kilichojazwa kitu laini kama unga uliokandwa, cha baridi, kinasukumwa juu mpaka karibu na koo. Mume wangu alitaka kutapika. Daktari akamwambia ainamishe kichwa mbele, apumue kwa pua, ainue mguu mmoja juu kidogo na kuuangalia. Nilimwona anakodolea kiatu chake macho, anapumua, mpaka kikashika na kutolewa. Mwambieni mapema mwenzenu asije akashtuka. Baadaye wanapima namna taya zinavyokutana, kisha unajaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Hapo ndipo pa kusema yote. Mume wangu alichaguliwa meno meupe mno, nikasema hapana, si ya umri wake, wakabadilisha.

Mkikabidhiwa meno msiondoke siku hiyo. Kaeni siku tatu au zaidi, kwa sababu vidonda vya kusuguliwa hujitokeza siku ya pili na ya tatu. Mume wangu alipata kimoja chini ya mdomo wa juu, kidogo kama punje ya mtama, hakuweza kula. Daktari alikwangua plastiki mahali pale kwa dakika chache tu. Kama tungekuwa tumeshafika Tukuyu, angeyafungia kabatini.

Nyumbani anayavua usiku, anayasugua kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, kisha anayalaza kwenye kikombe cha maji ya kawaida, si ya moto. Wiki ya kwanza alikula uji na ndizi. Ya pili, samaki. Alifundishwa kukata tonge dogo na kulitafuna pande zote mbili kwa pamoja, ili meno yasiinuke upande mmoja. Jumamosi iliyopita nilipika kande, nikaziacha motoni muda mrefu kuliko kawaida. Alikula polepole sana, na sahani ikarudi tupu.